Mikono ya Mabibi wa Korea

Watu wa mwambao wetu tangu kale hawakuwa wageni wa safari. Walizijua siku za kaskazi na siku za kusi, wakazijua bandari za Maskati, Aden na Bombay, na waliojaliwa uwezo walikwenda Hijazi kuhiji, wakarejea na tasbihi, maji ya Zamzam na masimulizi ya kukesha nayo barazani mwezi mzima. Walakini katika hadithi zote nilizozisikia utotoni mwangu mjini Tanga, Korea haikutajwa ila na wazee wachache waliopata kusikiliza redio zama za vita vya 1950 hadi 1953, nao waliitaja kuwa ni nchi ya mizinga na theluji, wala si nchi ya mtu mwenye akili zake kuiendea kwa matembezi. Lau ningaliambiwa siku zile kuwa nchi ya kwanza nitakayoiona nje ya mipaka yetu haitakuwa Omani wala Bara Hindi, bali hiyo Korea, ningalidhani nafanyiwa mzaha.

Kwa hakika si mimi niliyeanza kuitafuta Korea. Korea ndiyo iliyoanza kunitafuta mimi. Ilibisha hodi kwa njia ya tamthilia, katika zile sahani za video zilizouzwa barabarani pamoja na betri na viwembe, ambamo msimulizi wa Kiswahili huyafunika maneno ya Kikorea kwa sauti yake, akatia na kejeli zake mwenyewe ambazo mtunzi wa Seoul hakuziota kamwe. Tulikaa sebuleni, wake kwa waume, tukamlilia Jang-geum, yule binti wa jikoni kwa mfalme katika tamthilia ya 2003 iitwayo Dae Jang Geum, ambaye baada ya hila na mateso mengi alifikia kuwa tabibu wa Mfalme Jungjong. Kisha zikafuata nyimbo. Mwaka 2012 wanafunzi wangu walitokwa jasho uwanjani wakirukaruka kwa mwendo wa wapanda farasi kuufuata wimbo wa Psy, Gangnam Style, ambao kabla mwaka haujaisha ulikuwa video ya kwanza kutazamwa mara bilioni moja katika YouTube. Na mwaka uliofuata likatokea kundi la BTS, vijana saba, ambao mpwa wangu, binti wa ndugu yangu, aliwapenda kwa mapenzi tuliyodhani yatapita pamoja na chunusi zake. Hayakupita. Alijifundisha lugha yao usiku kwa usiku, akaomba nafasi ya masomo, akaipata, akaenda. Na alipokwisha kuizoea nchi akaniandikia kwamba sasa ni zamu yangu.

Nilikuwa nimekwisha kustaafu ualimu, kiinua mgongo changu kilikuwa hakijaliwa chote na paa la nyumba, na miguu ilikuwa bado na nguvu. Ndugu yangu, baba wa binti huyo, hakuwa na neno la kuipinga safari ila moja, nalo alilikariri kila alipopita kuniamkia. "Dada," husema, "kuona utaona, sina shaka, lakini utakula nini?" Swali hilo nilisafiri nalo hata Seoul, na aghalabu ya haya nitakayoyasimulia ni jawabu lake, kwa kuwa nilikwenda kwa mvuto wa watoto wazuri wa kwenye kioo, na walioniteka moyo ni wanawake wa hirimu yangu na walionizidi, ambao kioo hakiwaonyeshi ila kwa kuwapitisha nyuma ya mashujaa wamebeba sinia.

Safari ya angani sina haja ya kuirefusha. Mtu hufungwa mkanda, hulishwa, hubadilisha ndege katika mji wa Ghuba uliojaa watu waendao kila pembe ya dunia, hufungwa mkanda tena, na hushuka Incheon, katika uwanja uliofunguliwa 2001 juu ya ardhi iliyojazwa baharini baina ya visiwa. Mpwa wangu alinilaki kwa shikamoo iliyofuatana na kuinama kiuno, mambo mawili ambayo sikupata kuyaona pamoja, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba alikwisha kunivika koti lililojazwa manyoya ya bata, maana mwezi wa Novemba ulikuwa ukielekea ukingoni, na upepo wa nchi ile, utokao Siberia, hauna huruma na mtu wa mwambao.

Seoul ni mji wa watu zaidi ya milioni 9, na ukiuhesabu pamoja na Incheon na miji inayouzunguka unapata kama nusu ya watu wote wa jamhuri ile, ambao ni takriban milioni 51. Mto Han umeukata kati, mpana, wenye madaraja mengi, na kila upande yamesimama majumba ya ghorofa yaliyofanana, yaliyoandikwa nambari kubwa ubavuni ili mtu asikosee akaingia kwa jirani. Sitasema kuwa ni mji mzuri wa sura; uzuri wake uko katika mwendo wake. Treni za chini ya ardhi, ambazo njia yake ya kwanza ilifunguliwa 1974, huja na kwenda bila kumsubirisha mtu, na pembezoni mwa kila behewa vimetengwa viti vya wazee, ambavyo hata watu wakibanana mpaka wakakosa pa kuweka mguu, vijana huviacha vitupu. Siku ya kwanza nilisimama kwa haya za ugeni. Bibi mmoja mwenye nywele fupi za mawimbi akanitazama, akaupambanua umri wangu chini ya mtandio, akakipiga kiti cha kando yake kwa kiganja mara mbili, naye hakuwa akiomba. Nikaketi. Akafungua mkoba akanipa chenza, tunda linaloletwa kwa wingi msimu huo kutoka kisiwa cha Jeju, na alipoona nimelishika tu bila kulimenya, akalichukua, akalimenya, akanirudishia kwa mikono miwili. Hatukuwa na hata neno moja la pamoja, na tulikula chenza mpaka kituo cha nne.

Mpwa wangu alitaka kuanza na kasri, kwa heshima ya machozi yangu ya zamani. Kasri la Gyeongbokgung lilijengwa 1395, mwanzoni mwa ufalme wa Joseon. Likateketea 1592 Wajapani walipoishambulia nchi, likakaa magofu zaidi ya miaka 270, likasimamishwa tena 1867, kisha majengo yake mengi yakabomolewa na Wajapani walipoitawala Korea baina ya 1910 na 1945. Mtu aliyevaa hanbok, vazi la kale la nchi, haingii kwa kulipa, na kwa ajili hiyo nyua zimejaa wasichana wa kila taifa waliokodi sketi za hariri katika maduka ya jirani, wakipigana picha chini ya dari zenye nakshi za kijani na nyekundu. Jiko la mfalme limejengwa upya na kufunguliwa 2015. Nililiingia kwa shauku ya mtu arudiye nyumba aliyoijua, nikakuta vyumba safi, mbao mpya, ukumbi mtupu. Hakuna moshi wala majivu, wala doa la mafuta ukutani. Nikamwambia mpwa wangu kuwa jiko hili limekufa. "Usihuzunike, Shangazi," akasema, "lenye uhai nitakupeleka jioni."

Nje ya lango la kasri, katika uwanja mkubwa, ameketi Mfalme Sejong wa shaba na kitabu mkononi, naye sikuweza kumpita upesi. Kabla yake Wakorea waliandika kwa herufi za Kichina, ambazo ziliwatosha wanavyuoni na kuwafungia mlango watu wa kawaida. Yeye akatengeneza 1443, akatangaza 1446, alfabeti ya herufi 28, ambazo leo zimebaki 24, nyepesi kiasi kwamba mwalimu mstaafu kama mimi aliweza baada ya muda mfupi kuyasoma majina ya vituo bila kusaidiwa. Mabwana wasomi waliidharau kwa karne nyingi, wakaiona ni maandishi ya wanawake, na ni kweli kwamba wanawake waliishika, wakaandikiana barua kwayo na kuandika namna ya kupika. Niliwakumbuka mabibi zetu wa Tanga waliosoma Kurani, wakaandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na bado serikali za kikoloni zikawahesabu kuwa hawajui kusoma. Nilimtazama yule mfalme kwa muda, nikasema moyoni kuwa sisi hatukupata mtetezi mwenye kiti cha ukubwa huo.

Jiko lenye uhai lilikuwa Soko la Gwangjang, lililoanzishwa 1905. Ni njia ndefu zilizoezekwa, kando zake maduka ya hariri na mablanketi, na katikati safu za meza, ambazo nyuma ya kila moja ameketi mwanamke, aghalabu wa miaka sitini au sabini, aliyevaa aproni ya maua na kofia, amezungukwa na vyungu, visu na milima ya vyakula vilivyopangwa hata kumficha kifua. Mbele ya meza kuna ubao wa kukalia wateja, na ndani ya ubao mna moto wa umeme, hata mgeni aliyeganda kwa baridi huketi na kuhisi fadhila ikimpanda kutokea chini.

Hapo ndipo nilipokutana na choroko. Zilikuwa ndooni, zimelowekwa na kuambuliwa maganda mpaka zimebaki manjano, na kando yake jiwe la kusagia la duara likizungushwa na mota, rojo yake ikichuruzika pole pole ubavuni na kuanguka bakulini. Bibi alichota kwa upawa, akachanganya na choroko zilizochipua na vitunguu vya majani, akaimwaga rojo katika kikaango kipana chenye mafuta ya kuogelea, akaibonyeza kwa bamba la chuma. Ikapiga kelele, ikajaa mapovu pembeni, akaigeuza bila kuitazama, macho yake yakiwa kwa mteja wa meza ya pili aliyetaka kumkimbia. Wako watiao nyama ya nguruwe na wako wasiotia, kwa hiyo mpwa wangu aliuliza kwanza juu ya nyama, kisha juu ya mafuta, kisha juu ya kikaango chenyewe, na bibi yule, badala ya kukasirika, aliinama chini ya meza akatoa dumu la mafuta ya mimea akaligeuza ili asome kibandiko mwenyewe. Nilipoitafuna ikiwa moto, ganda lake kavu na moyo wake laini, ulimi wangu uliniambia kuwa nimeketi Ngamiani, kwetu Tanga, mbele ya sinia la bajia za kunde. Na nilipoichovya katika mchuzi wa soya wenye siki na vitunguu, uliniambia kuwa la, uko mbali sana. Nilikula nyingine. Bibi aliona, akaongeza ya tatu bila kuulizwa, na hiyo nililipa.

Ama wali wao, kwa mtu aliyelelewa kwa wali wa nazi, ni mtihani. Haukutiwa chumvi, haukutiwa tui, haukutiwa chochote, nao hushikana kijikoni kama umeapa kutoachana. Siku mbili za mwanzo niliuhurumia. Kisha nikafahamu kuwa huo si chakula bali ni uwanja, na kwamba mchezo wenyewe uko katika visahani vinavyouzunguka: mchicha wa mafuta ya ufuta, figili za siki, dagaa waliokaangwa kwa sukari na pilipili, mwani, maharage meusi, na kimchi, ambayo haikosekani hata kwa mkosi. Visahani hivyo huletwa bila kuagizwa na bila kulipiwa, na kikiisha kimoja hujazwa tena. Vijiti vyao ni vya chuma, vyembamba, vyenye utelezi, na wali wenyewe huliwa kwa kijiko. Bakuli haliinuliwi mezani, na mkubwa wa meza ndiye aanzaye. Hili la mwisho halikunipa taabu, kwa kuwa karibu kila meza niliyoketi mkubwa nilikuwa mimi.

Mpwa wangu alipanga chumba kwa mama mmoja mjane, katika nyumba ya matofali mekundu kwenye kilima, na ilisadifu kuwa nilifika katika juma la kutengeneza kimchi ya msimu wote wa baridi. Desturi hiyo, iitwayo kimjang, iliandikwa na UNESCO 2013 katika turathi za wanadamu. Na nilipomtajia mwenye nyumba jambo hilo kwa taadhima, kupitia kwa mpwa wangu, alijibu kuwa amefurahi kusikia, lakini hao UNESCO hakuwaona kuja kuosha kabichi. Kabichi zenyewe, zile ndefu za Kichina, zilikuwa zimepasuliwa na kulazwa katika maji ya chumvi tangu jana yake, zikaoshwa alfajiri, zikarundikwa juu ya vikapu zichuje maji. Wanawake walikuwa watano pamoja nasi: yeye, dada zake wawili ambao walibishana tangu kuingia hata kutoka, mpwa wangu, na mimi. Walitandaza turubai sakafuni, wakavaa glovu za mpira hata viwikoni, wakachanganya katika karai figili zilizokatwa nyuzinyuzi, vitunguu saumu, tangawizi, vitunguu vya majani, uji mzito wa unga wa mchele, mchuzi wa dagaa waliochacha, uduvi wa chumvi, na pilipili ya unga kiasi ambacho nilidhani ni kwa ajili ya kijiji.

Kazi yenyewe haina haraka wala haina njia ya mkato. Unashika nusu ya kabichi, unafunua majani moja moja kuanzia la nje, unalipaka kila jani kuanzia shinani palipo panene, ukiipitia ncha kwa juu juu tu kwa kuwa ni nyembamba na hushika chumvi upesi. Ukifika jani la ndani unaikunja yote, unaifunga kwa jani la nje kabisa mithili ya mtoto aliyefungwa nguo, na unailaza chomboni uso juu. Dada mkubwa alizichukua zangu za mwanzo, akazifunua mbele ya wote, akazipaka upya, akanirudishia karai bila kusema. Na nilipofikia kuwa hazifunui tena nilijiona nimetunukiwa shahada. Zamani vyungu vilifukiwa uani ili ardhi ivikinge na barafu na joto pia. Leo watu wakaa ghorofani na hawana ardhi ya kuchimba, kwa hiyo wana jokofu la pekee lisilowekwa ila kimchi, nalo kwa mjane yule lilikuwa kubwa kuliko lile la vyakula vingine vyote.

Pilipili hiyo, ambayo mtu hudhani Mwenyezi Mungu aliiumba pamoja na Korea, ni mgeni. Ilitoka Amerika kwa merikebu za watu wa Ulaya, ikafika pembe ile ya dunia kuelekea mwisho wa karne ya 16, na kabla yake mboga zilihifadhiwa kwa chumvi na viungo vingine. Nasi huku, baada ya Wareno kutua pwani yetu 1498, tulipata kwa mlango huo huo wa Amerika mahindi na muhogo, na sasa hakuna athubutuye kutuambia kuwa ugali si wetu. Kazi ilipokwisha, desturi ni kula ile kimchi mbichi pamoja na nyama ya nguruwe iliyochemshwa. Mwenye nyumba alikwisha kufikiri juu yangu: akanichemshia chaza. Wakati wa kula aliuliza kama nina wana wangapi na wajukuu wangapi, akasikia jawabu, akaweka vijiti chini. Yeye ana mwana mmoja, ambaye ana mbwa. Nchi ile 2023 ilihesabu watoto 0.72 tu kwa kila mwanamke, idadi ya chini mno, na mimi nilikuwa nimekwisha kuona bustanini vigari vya kusukuma watoto ambavyo nilipochungulia niseme mashallah nilikuta vimebeba mbwa waliovishwa fulana. Mkaza mwanawe hununua kimchi dukani, katika mfuko. Dada zake walisikia hayo wakaacha kubishana kwa mara ya kwanza, wakakubaliana naye.

Ingekuwa dhuluma kumnyima mpwa wangu zamu yake. Alinipeleka Hongdae, mtaa wa vijana karibu na chuo cha sanaa, ambako jioni vikundi hujipanga barabarani na spika zao na kucheza nyimbo za kundi hili na lile, hatua kwa hatua, mbele ya duara la watazamaji; nami nakiri walinifurahisha kuliko nilivyotazamia, kwa sababu vijana kumi walioinua mkono kwa wakati mmoja bila kutofautiana hata kwa ukucha ni jambo la kumvutia mwalimu yeyote aliyewahi kufundisha halaiki. Alinionyesha katika kituo cha treni picha kubwa ya kijana fulani iliyolipiwa na wapenzi wake kwa kuchangishana, ili kumpongeza kwa siku yake ya kuzaliwa. Alinieleza kuwa nyota hao huchukuliwa na makampuni wakiwa na miaka kumi na michache, wakafundishwa miaka kadhaa kuimba, kucheza na lugha za kigeni, na wengi hawafiki jukwaani kamwe. Na kuwa hata BTS, pamoja na umaarufu wote, walikwenda jeshini mmoja baada ya mwingine kuanzia Desemba 2022, kama sheria inavyomtaka kila mwanamume mzima wa afya. Kuhusu nyuso zao nina neno moja: ni laini mno. Sikuona uso ambao ningeweza kuukumbuka baada ya kugeuka.

Walakini mpwa wangu, ambaye ananijua, alikuwa ameniwekea akiba. Katika eneo la Gangnam uko mgahawa mdogo uitwao Yoojung Sikdang, ambako vijana wale saba, walipokuwa bado wanafunzi wasiojulikana na mtu, walikuwa wakija kula. Leo kuta zake hazionekani rangi kwa picha zao na salamu za wapenzi kutoka kila bara. Wasichana wa Brazili na Indonesia walikuwa wakipiga picha viti. Mimi niliitazama jikoni. Chakula chao mashuhuri kina nguruwe, basi tukaomba bila nyama, na ikaja bibimbap katika bakuli la jiwe lililotoka motoni: wali chini, mboga za rangi tano juu, yai katikati, na rojo ya pilipili ya kuchanganyia, bakuli likilia lenyewe mezani, na chini yake, ulipofika mwisho, ukoko wa dhahabu. Wakorea wanaujua ukoko! Wanaukwangua kama sisi, wanaugombea kama sisi, na hata hawaachi sufuria iende kuoshwa hivi hivi, bali humwagia maji ya moto juu ya mabaki na kunywa. Niliwaza juu ya vijana wale saba, wenye njaa ya mazoezi, wakila ukoko uliopikwa na wanawake ambao hakuna aliyewabandika kituoni.

Usiku huo tulipokuwa tukirudi, katika barabara ya mataa, alipita bibi aliyepinda mgongo hata uso wake ukaelekea lami, akisukuma gari la makaratasi ya maboksi aliyoyaokota nyuma ya maduka apate kuyauza kwa kilo. Umasikini wa wazee katika Korea umezidi ule wa karibu nchi zote nyingine tajiri, na bibi wa namna hiyo utamwona mara nyingi ukiamka mapema au ukichelewa kulala. Nchi ambayo kijana hathubutu kukalia kiti cha mzee hata kikiwa kitupu, imewezaje kumwacha mzee barabarani saa tano ya usiku? Niliuliza swali hilo kwa watu watatu. Wawili walisema ni aibu, na wa tatu alisema ni hesabu za pensheni, kwa sababu mfuko wa taifa ulianza 1988 na wazee wengi walikuwa wamekwisha kuchoka kabla haujawafaa.

Ijumaa nilisali Itaewon, katika msikiti mweupe wa kilimani uliofunguliwa 1976 kwa ardhi iliyotolewa na serikali na fedha za nchi za Kiislamu, na katika mteremko wake nikapata kwa Waturuki na Wauzbeki nyama niliyoikosa. Kesho yake tukapanda treni ya kasi kwenda Busan.

Treni hiyo ilianza 1 Aprili 2004, hukimbia hadi kilomita 300 kwa saa, na huuvuka urefu wa nchi kwa muda usiotosha kumaliza gazeti la Jumapili. Baadhi ya hizo treni hutengenezwa na Hyundai Rotem, ambao ndio waliotutengenezea sisi ile treni tunayoiita mchongoko, iendayo Dodoma. Kwa hiyo niliketi nikagusa kiti, nikatafuta kufanana, nikamwambia mpwa wangu kuwa yetu ni ndugu wa tumbo moja aliyezaliwa nyuma. Nje ya dirisha mashamba ya mpunga yalikuwa yamekwisha kuvunwa, na vijiji vilikuwa na mapaa ya buluu na mabibi matutani wakipalilia vitunguu.

Busan ni bandari, na mtu wa Tanga hahitaji kufundishwa bandari. Vita vilipochacha 1950 serikali ilikimbilia huko, na pamoja nayo wakimbizi wasio na idadi kutoka kaskazini, waliojenga vibanda juu ya milima na kutafuta riziki ufukoni. Na katika Soko la Jagalchi wanawake, wengi wao wajane au wake wa watu waliopotea, waliketi chini wakauza samaki na kulea watoto kwa hiyo biashara. Hata leo soko ni lao. Wamevaa buti za mpira na aproni nzito, na sauti zao zinapita mlio wa shakwe. Mle kuna pweza wakubwa kwa wadogo, ngisi, kaa wa miguu mirefu, kombe na wadudu wa bahari ambao sisi tukiwaona huomba salama. Mpwa wangu alikula pweza mdogo aliyekatwa vipande na bado akijinyonganyonga sahanini. Mimi pweza wangu humtaka apigwe, apikwe, na awe ametulia.

Tuliketi kwa mwanamke aliyekuwa akichoma vibua juu ya bati. Aliniuliza umri, kwa kuwa huko umri huulizwa mapema ili watu wajue namna ya kusemezana, na nilipomtajia akacheka kwa ushindi, akasema yeye amenizidi mwaka. Mpwa wangu akaingilia. Wakorea zamani walihesabu mtoto kuwa na mwaka mmoja siku anapozaliwa, wakamwongeza mwingine kila mwaka mpya, na ijapokuwa sheria imeibadili hesabu hiyo tangu Juni 2023, sokoni haijafika. Basi wakataka mwaka wa kuzaliwa: ukawa mmoja. Wakataka mwezi: wangu Machi, wake Oktoba. Mama yule alipiga paja kwa kiganja chenye magamba, akawatangazia majirani wa kulia na kushoto, akachukua kibua mkubwa kuliko wote akamtupa motoni kwa ajili yangu, na wakati wa kula, ingawa aliketi nasi na njaa ilimwonekana, hakugusa kitu mpaka mimi nilipoanza. Yule wa ziada hakumtia hesabuni. Wale wengine alinitoza bei kamili, bila kupunguza hata won mia.